Kichocheo si Mchokoo

Juni 2009, neno moja la Kilatini liliingia Dodoma na Nairobi kwa pamoja. Bei ya pamba na kahawa ilikuwa imeporomoka katika soko la dunia, na benki kubwa za Marekani na Ulaya zilikuwa zikiyumba tangu mwaka uliotangulia. Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 za Tanzania, ambao sehemu yake ilikusudiwa kufidia hasara za wanunuzi wa mazao na kudhamini mikopo yao. Mwezi huo huo Waziri wa Fedha wa Kenya, Uhuru Kenyatta, alisoma bajeti yenye mpango wa shilingi bilioni 22 za Kenya kwa ajili ya masoko, shule, vituo vya afya na mabwawa ya samaki. Kwa Kiingereza mipango yote miwili ilibeba jina moja, stimulus. Kwa Kiswahili jina liligawanyika: huyu alisema kunusuru uchumi, yule alisema kuufufua, mwingine alisema kuuchochea. Vitenzi hivi havilingani. Anayenusuriwa yumo hatarini, anayefufuliwa amekwisha kufa, na kinachochochewa kinawaka tayari. Hoja yangu ni kwamba neno kichocheo, ambalo ndilo tafsiri iliyoshika mizizi shuleni na magazetini, limebeba fikra iliyo bora kuliko ile ya neno la asili, na kwamba tunapata hasara kila tunapolitamka kichocheo huku tukiwaza stimulus.

Tuanze na neno la asili. Kwa Warumi, stimulus ilikuwa fimbo ndefu yenye ncha kali ambayo mkulima aliishika akitembea nyuma ya maksai wake, awadunge wanapolegea kukokota plau. Wagiriki waliiita fimbo hiyo kentron, na kwa kuwa bikari nayo huchomeka ncha yake katikati ya duara, jina hilo hilo likawa jina la kitovu. Ndiko lilikoanzia neno senta tunalolitumia leo. Mzizi wa kale wa stimulus, wenye maana ya kuchoma kwa ncha, umezaa pia instinctus ya Kilatini, ambayo lugha za Ulaya zimeifanya kuwa jina la silika, na stigma ya Kigiriki, alama iliyochomwa katika ngozi ya mtu. Ukoo mzima wa maneno haya una harufu ya ngozi iliyotobolewa. Katika michezo ya kuchekesha ya Plautus, iliyoandikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, fimbo ya maksai hutajwa kama kitisho kwa watumwa. Na mwaka 52 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipouzingira mji wa Alesia, katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa, askari wake walizika ardhini vipande vya miti vya urefu wa futi moja vilivyopigiliwa kulabu za chuma, ili adui anayekuja mbio achomwe mguu. Mitego hiyo waliiita stimuli.

Katika matumizi hayo yote kuna mambo matatu yasiyobadilika. Kwanza, kuna mkono ulioishika fimbo au kuizika ardhini, na mkono huo una shabaha yake. Pili, anayechomwa hana shauri katika safari: maksai haulizwi shamba ni la nani wala mavuno yataliwa na nani. Tatu, maumivu ndiyo lugha pekee inayotumika kati ya wawili hao. Biblia ya Kilatini imelihifadhi neno hili likiwa bado na ukali wake wote. Linatumika Sauli anapoonywa njiani kuelekea Dameski, linatumika Paulo anapoutaja mwiba wa mwilini mwake, na linatumika mauti yanapoulizwa uko wapi uchungu wake. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hawakupitia Kilatini, na mahali hapo patatu waliandika maneno matatu tofauti: mchokoo, mwiba na uchungu. Ukiyaweka maneno hayo mstari mmoja umepata maana kamili ya stimulus kabla wanasayansi hawajalichukua.

Neno mchokoo linatudai tusimame kidogo, kwa sababu linaonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa jina la fimbo ile. Tunalo, na lina familia kubwa. Kuchokoa ni kupekua tunduni kwa kijiti chenye ncha, kuchokoza ni kumsumbua mtu mpaka akasirike, uchokozi ni kosa, na mchokozi hahurumiwi akipata alichokitafuta. Wasemaji wa Kiswahili waliiona fimbo yenye ncha, wakaitazama kwa jicho la anayechomwa, wakatoa hukumu. Ndiyo maana haja ya neno la kitaalamu ilipotokea, la kueleza kitu kinachoamsha mwili, akili au biashara, fimbo ya maksai iliachwa palepale shambani. Lugha iligeuka, ikaingia jikoni.

Chochea imetokana na chocha, kitenzi ambacho nacho kinahusu kijiti na kusukumiza. Lakini katika umbo la chochea kijiti kile kimepelekwa kwenye mafiga. Anayechochea husukuma kuni ndani zaidi, hutenganisha vinga vilivyobanana ili hewa ipite, huondoa majivu yanayoufunika moto. Zamani za taa za utambi, kuchochea taa kulikuwa ni kuupandisha utambi ili mwanga uongezeke. Kitendo hiki kina masharti ambayo fimbo ya maksai haina. Lazima pawe na cheche. Lazima kuni ziwepo, tena kavu. Lazima hewa ipite. Na juu ya mafiga pana sufuria ya mtu anayesubiri kula, ambaye mara nyingi ndiye yeye mwenyewe aliyeinama kuchochea. Wahenga walisema moto huzaa majivu, na kila mpishi anajua kwamba majivu hayachocheki: ukiyasukuma kwa kijiti utapata vumbi tu. Nguvu ya moto imo ndani ya kuni, na kijiti huifungulia njia.

Mtu anaweza kudhani haya ni mapambo ya jikoni yasiyoihusu sayansi. Historia ya sayansi yenyewe inasema vingine. Mwaka 1752 Albrecht von Haller, mwanazuoni wa Göttingen, alieleza majaribio yake mengi juu ya wanyama, akaonyesha kwamba msuli ukiguswa hujikunja kwa uwezo wake wenyewe. Daktari John Brown wa Edinburgh aliirudisha fimbo alipodai, mwaka 1780, kwamba uhai wote ni matokeo ya vichocheo, na kwamba maradhi ni vichocheo kuzidi au kupungua. Tiba zake alizozipenda zilikuwa pombe na afyuni. Lakini katika karne ya 20 utafiti wa neva uliamua upande wa Haller. Edgar Adrian, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington, alithibitisha kwamba msukumo unaopita katika uzi mmoja wa neva haukui kwa sababu kichocheo kimekua. Kichocheo dhaifu mno hakileti kitu. Kikivuka kiwango, neva hujibu kwa nguvu yake yote, na kikizidi, kinachoongezeka ni idadi ya misukumo kwa kila sekunde. Nguvu inayosafiri humo ni ya neva yenyewe. Jambo hilo hilo linaonekana kwa macho katika mmea wa kifauongo. Ukiugusa, majani hujifunga, na kinachoyafunga ni maji yanayohama katika vifundo vilivyo chini ya majani, kwa maandalizi ya mmea wenyewe. Kidole hakikuyakunja.

Elimu nayo ilipita njia hiyo. Baada ya majaribio ya Ivan Pavlov kuhusu mbwa na mate yao, John Watson huko Marekani alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia yote iwe elimu ya tabia inayopimika, na waliomfuata walijenga mafunzo yao juu ya kichocheo na jibu. B. F. Skinner alifika mbali zaidi: katika kitabu chake cha mwaka 1957 alitaka kueleza hata usemaji wa binadamu kwa njia hiyo. Mwaka 1959 Noam Chomsky alimjibu kwa uhakiki uliobadili mkondo wa isimu, na baadaye hoja yake ikapewa jina la umaskini wa kichocheo: mtoto husema mengi kuliko aliyoyasikia. Kiswahili kina ushahidi wake. Hakuna aliyewakalisha chini madereva wa Dar es Salaam na kuwafundisha kwamba kipilefti, neno lililokuja na alama ya barabarani ya Kiingereza, wingi wake ni vipilefti. Hakuna aliyewaamuru wahenga wetu kwamba kitabu, neno la Kiarabu, lifuate kisu na visu. Sarufi iliyokuwa inawaka vichwani mwao ilipokea ukuni mgeni ikauwasha kwa utaratibu wake. Mwalimu anayeamini hivyo humsogezea mtoto kuni na kumwachia hewa. Mwalimu anayemwona mtoto kuwa maksai hutafuta fimbo.

Na fimbo si tamathali tupu katika nchi hizi. Utawala wa Wajerumani ulipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda cha kijijini, shabaha yake haikuwa mapato peke yake. Kodi ilikusudiwa kumtoa mkulima katika shamba lake na kumsukuma kwenye shamba la mzungu au kwenye zao la kuuza. Tangu mwaka 1902 wakazi wa maeneo ya kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, na kiboko kikiwa karibu. Adhabu ya viboko 25 ilijulikana kwa jina la hamsa ishirini. Mtawala angeweza kusema kwamba anaamsha uchumi uliolala, na kwa maana ya Kilatini angekuwa sahihi kabisa: mkono upo, ncha ipo, na shamba si la anayechomwa. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Pamba haikuwa na kosa. Katika sehemu nyingine, na katika nyakati nyingine, wakulima wa Afrika Mashariki waliilima kwa hiari na kujengea nyumba. Tofauti ilikuwa katika nani ameshika kijiti na chakula kinachopikwa ni cha nani.

Turudi sasa kwenye bajeti. John Maynard Keynes, ambaye kitabu chake cha mwaka 1936 ndicho msingi wa mipango hii, aliandika akiwa amezungukwa na viwanda vilivyofungwa na wafanyakazi waliokosa kazi ilhali ujuzi wanao. Kwa lugha yetu, aliona kuni kavu zilizopangwa vizuri na moto uliofifia. Katika hali hiyo serikali ikitumia fedha, kiwanda hufunguliwa, fundi hulipwa, fundi hununua, na muuza duka huagiza tena. Hoja hiyo ni imara. Inakuwa dhaifu inapohamishiwa mahali ambapo kiwanda hakikufungwa kwa sababu hakijawahi kujengwa. Mabwawa ya samaki ya Kenya yanafundisha hapa. Mpango wa 2009 ulikusudia mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, jumla 28,000. Samaki wa kufugwa waliongezeka kwa kasi, wakafikia karibu tani 24,000 mwaka 2014. Miaka miwili baadaye walikuwa wameshuka hadi kama tani 15,000. Sababu zilizotajwa na wataalamu wa uvuvi zinafanana na orodha ya mpishi aliyeishiwa: chakula cha samaki cha bei ghali, vifaranga bora visivyopatikana, maji haba, soko lisilokuwa na majokofu, na maofisa ugani wachache. Kijiti kilisukumwa kwa nguvu, mwali ukapanda, kisha kuni zikaisha. Mahali ambapo wafugaji walikuwa na maji, chakula na wanunuzi, mabwawa yaliendelea. Moto uliendelea palipokuwa na kuni.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaisimu, nao wana haki. Watasema asili ya neno si maana yake: anayesema stimulus leo hafikirii ng'ombe, kama vile anayesema senta hafikirii ncha ya bikari. Nakubali. Kamusi huandika matumizi, na matumizi hubadilika. Lakini taswira iliyofifia huendelea kufanya kazi gizani kwa kuamua maswali gani yaulizwe na yapi yasahaulike. Neno lililotokana na fimbo huvuta swali moja: tumechoma kwa nguvu kiasi gani? Ndiyo maana mijadala ya stimulus kote duniani hutawaliwa na tarakimu. Sheria ya Marekani ya Februari 2009 hutajwa kama dola bilioni 787, mpango wa China wa 2008 kama yuan trilioni 4, na watu hupima ujasiri wa serikali kwa wingi wa sufuri. Anayefikiri kwa mafiga hataipuuza tarakimu, ila ataitaka ifuatane na maelezo ya kilichopo chini ya sufuria.

Pingamizi la pili ni la walimu wa sayansi na wahariri. Kichocheo, watasema, kimebebeshwa mizigo mingi mno. Katika kemia ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Katika biolojia ni kinachoamsha neva. Watu wengine huita hivyo hata homoni. Na mahakamani yupo ndugu yake, uchochezi, ambao unaweza kumfikisha mtu gerezani. Kuhusu kemia nakubali kwamba istilahi zitenganishwe, na vyombo vyetu vya lugha vina wajibu wa kumaliza kazi hiyo, kwa kuwa mwanafunzi anayechanganya mambo mawili kwa sababu ya jina moja ameonewa. Kuhusu uchochezi nina maoni tofauti. Kwangu undugu huo ni hazina. Kitenzi kimoja kinatumika kwa anayewasha jiko na kwa anayewasha fitina, na msikilizaji hulazimika kuuliza ni moto wa nani na utaunguza nini. Swali hilo linamfaa mtawala kama linavyomfaa raia. Serikali inayomshtaki mwandishi kwa uchochezi inapaswa kueleza kuni zilizokuwepo kabla mwandishi hajaandika, maana kalamu pekee haiwashi majivu. Na serikali hiyo hiyo ikitangaza kichocheo cha uchumi, ikubali kuulizwa inampikia nani.

Pingamizi la tatu ni la watu wa vitendo. Punda haendi bila kigongo, watasema, na panapotokea dharura hakuna muda wa kukusanya kuni. Mwaka 2020 korona ilipofunga biashara, Marekani iliwapelekea watu wazima wengi dola 1,200 kila mmoja, na Kenya iliwaajiri vijana wa mitaa ya mabanda kufanya usafi kupitia Kazi Mtaani. Je, wangeachwa na njaa mpaka masharti ya mafiga yatimie? Hasha. Lakini kumpa chakula aliyefungiwa riziki ni kumnusuru, na kunusuru ni tendo lenye heshima yake, lisilohitaji kujificha nyuma ya jina jingine. Hatari ya kuuita msaada kichocheo ni kwamba utapimwa kwa ukuaji wa uchumi, na ukuaji usipoonekana msaada utahukumiwa kuwa umeshindwa, ilhali watoto walikula. Hatari ya kukiita kichocheo kile kilicho shuruti ni kubwa zaidi, kwa sababu maumivu ya anayechomwa hupewa jina la maendeleo yake. Punda wa methali ile hakuwahi kuulizwa mzigo ni wa nani.

Ninachopendekeza, basi, ni unyofu wa majina. Mpango unaookoa watu katika janga uitwe wa kunusuru, na upimwe kwa waliookolewa. Agizo linalomsukuma mtu afanye asichokitaka liitwe shuruti, na mwenye kulitoa alitetee kwa jina hilo. Neno kichocheo tuliwekee mahali pake, penye cheche na kuni, na kila waziri, mwalimu au mhariri atakayelitumia awe tayari kuonyesha vitu hivyo viko wapi. Anayeshika fimbo ya maksai huichagua ndefu, ili teke la mnyama lisimfikie. Urefu wake ni sehemu ya ufundi wake. Anayechochea moto hawezi kukaa mbali hivyo. Huinama hadi usoni pa jiko, moshi humwingia machoni, na kuni zikiwa mbichi yeye ndiye wa kwanza kulia.